Maana isiyosemwa kwenye katuni za magazetini: kicheko kinatoka wapi hasa?

Msomi_Mchovu

Wakuu, habari za muda huu.

Nipo kwenye tasnifu ya uzamili, mada ni ucheshi wa maneno kwenye katuni za magazetini. Sizungumzii ule mchoro mkubwa wa ukurasa wa maoni. Nazungumzia zile za fremu tatu nne, wahusika wanapiga soga, ukifika fremu ya mwisho unacheka. Nadharia niliyochagua ni ya mwanafalsafa Grice: Kanuni ya Ushirikiano (kwamba wanaozungumza hushirikiana ili waelewane) pamoja na kaida zake nne, yaani kiasi (usipunguze wala usizidishe), ukweli, uhusiano na uwazi. Nimekusanya katuni zangu, nimezichambua, nimezipanga kwenye jedwali: hii imekiuka kaida ya kiasi, hii ya ukweli, hii imekiuka mbili kwa mpigo. Jedwali limependeza.

Msimamizi wangu amelirudisha na sentensi moja pembeni: "Kwa hiyo? Shahidi mwongo naye anakiuka kaida ya ukweli, mbona mahakama haiangui kicheko?"

Jibu sina. Nawawekea katuni mojawapo (nimeigusagusa kidogo ili isitambulike):

Fremu ya 1. Mama amesimama mbele ya meza ya mwalimu: "Mwalimu, mwanangu anaendeleaje darasani?"
Fremu ya 2. Mwalimu, macho kwenye daftari la mahudhurio: "Hajawahi kuchelewa mapumziko."
Fremu ya 3. Mama yuko nje na mtoto, uso umechanua: "Nilijua tu utanitoa kimasomaso!"

Mimi nimeandika hivi: "Mwalimu amekiuka kaida za kiasi na uhusiano, maana fiche ni kwamba mtoto hasomi." Nikaweka nukta. Nikiisoma katuni nacheka, nikisoma uchambuzi wangu nasinzia. Kuna kitu kimedondoka njiani na sikioni. Wenye uelewa wa pragmatiki (taaluma ya maana katika matumizi ya lugha), na hasa kama kuna mtu humu amewahi kuzichora au kuziandika, naombeni msaada.

Darubini

Msimamizi wako anakufundisha kazi, usimnunie.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Shahidi mwongo anavunja kaida kwa kificho. Anataka asigundulike, na akigundulika amekwisha. Mwalimu wa katuni yako anaikiuka kaida peupe, tena anategemea umwone anavyoikiuka. Grice aliyasema haya kwenye mihadhara yake ya Harvard mwaka 1967, makala yenyewe ikachapishwa 1975. Ukiukaji wa waziwazi ndio unaomlazimisha msikilizaji ajiulize: huyu hajaacha kushirikiana nami, sasa kwa nini kajibu hivi? Akitafuta sababu, anakutana na dokezo, yaani ile maana isiyosemwa.

Lakini hapo ndipo penye kikwazo chako. Mfano maarufu wa Grice ni barua ya mwalimu anayempendekeza mwanafunzi wake kwa kazi ya falsafa. Anaandika kwamba kijana anaimudu lugha vizuri na anahudhuria vipindi bila kukosa, basi, anaishia hapo. Msomaji anaelewa: falsafa haiwezi. Kwa umbo, hiyo barua ni ndugu wa "hajawahi kuchelewa mapumziko". Ila haichekeshi sana, inasikitisha. Kwa hiyo ukiukaji wa kaida unakupa dokezo, haukupi kicheko. Grice mwenyewe hakuwa anatafuta kicheko.

Ongeza nadharia ya pili. Raskin (1985) anasema matini ya kuchekesha huoana na skripti mbili zinazopingana (skripti ni picha ya hali fulani tuliyonayo kichwani), na kuna mahali inakubandua kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Kwako ni skripti ya "mtoto wa kusifiwa" na ya "mtoto mtoro wa akili". Mwaka 1991 Raskin na Attardo waliipanua ikawa nadharia ya jumla ya ucheshi wa maneno, yenye vipengele sita, kuanzia huo mgongano wa skripti hadi anayelengwa na lugha yenyewe. Hapo sura ya nne itapata nyama.

kalamu_butu

Nimeitwa? Umesema mtu aliyewahi kuziandika, basi nimo. Nimekula miaka mingi nikiandika maneno ya viputo (vile viduara vya maneno ya wahusika) kwenye gazeti la kila siku. Mchoraji alikuwa mwenzangu, mimi nilikuwa mtu wa maneno. Nadharia nimezisoma ukubwani, baada ya kustaafu, kwa hiyo Darubini atanirekebisha nikiteleza.

Mdogo wangu, jedwali lako limemsikiliza mtu mmoja tu, mwalimu. Kwenye katuni kuna mazungumzo mawili yanayokwenda kwa pamoja. Ya kwanza ni ya mwalimu na mama. Ya pili ni ya mwandishi na msomaji, na hayo ndiyo uliyoyanunulia gazeti. Mwalimu anaongea na mama, sawa, ila mama hajui kwamba kuna mtu anachungulia kupitia dirisha la fremu. Wewe ndiye unayechungulia.

Sasa rudi fremu ya 2. Hapo unatabasamu, hucheki. Bado ni barua ya Grice. Kicheko kinakuja fremu ya 3, kwa mama, na mama hakukiuka kaida yoyote! Kamwambia mtoto wake jambo analoliamini, kwa kiasi kinachotosha, linalohusiana, tena kwa uwazi. Kwenye jedwali lako mama ana safu tupu. Na safu hiyo tupu ndiyo unayoichekea.

Alichofanya mama ni kusikia nusu. "Hajawahi kuchelewa" kaipokea kwa mikono miwili, "mapumziko" kaiacha mlangoni. Kwa hiyo msomaji ameshika vitu vitatu kwa wakati mmoja: maneno yaliyotamkwa, alichokusudia mwalimu, na alichoondoka nacho mama. Kimojawapo kikikosekana, hakuna katuni. Weka safu tatu badala ya moja, uone kama msimamizi atauliza tena "kwa hiyo?"

Tuingie jikoni kidogo. Aliyeandika katuni hii simjui, ila najua alipita wapi, maana njia ni hiyohiyo. Wazo lilianza likiwa "mtoto hasomi, mama haelewi". Ukimwandikia mwalimu "Mama, mwanao hasomi kabisa," umepata ugomvi. Ukiandika "Anapenda sana mapumziko," umeshika dokezo, lakini mama hawezi kufurahi tena, fremu ya 3 imekufa. Unatafuta sentensi yenye mwili wa sifa na mkia wa aibu. "Hajawahi kuchelewa" ni mwili wa sifa, kila mzazi anataka kuisikia. Kisha mkia: "mapumziko". Jaribu kugeuza: "Mapumziko hajawahi kuchelewa." Maneno ni yaleyale matatu, maana ni ileile, lakini mama hana tena pa kuanzia kufurahi, na msomaji ameambiwa mapema mno. Kiswahili kinakuruhusu kusogeza maneno mbele na nyuma, na sisi watu wa viputo tunaishi hapo. Neno lenye sumu linakaa mwisho, tena ikiwezekana likae peke yake kwenye mstari wa chini wa kiputo.

Jaribio nililokuwa nalitumia mezani ni hili. Chukua kalamu, liandike dokezo lenyewe ndani ya kiputo. Mwalimu: "Hajawahi kuchelewa mapumziko, maana yake darasani hamna kitu." Ukiisoma na kicheko kimeyeyuka, ujue kicheko kilikuwa kinaishi kwenye lile lisilosemwa. Ukiisoma bado unacheka, basi kilikuwa kinaishi kwingine, kwenye sura ya mhusika pengine, au kwenye mchezo wa maneno, na hiyo katuni haikuhusu wewe.

Halafu kuna suala la nafasi, ambalo wasomi mnalisahau kwa sababu nyinyi mnalipwa kwa kurasa. Kiputo kina mistari mitatu, ikizidi kinamfunika mhusika kichwa. Peanuts, katuni ya Kimarekani ya Charles Schulz, ilipoanza Oktoba 1950, iliuzwa kwa magazeti kwa sifa ya kutokula nafasi: fremu nne za ukubwa sawa, mhariri akitaka azilaze mstari mmoja, akitaka azisimamishe, akitaka azipange mbilimbili. Ukipewa kisanduku namna hiyo huwezi kueleza. Unadokeza kwa sababu huna pa kuelezea. Tungekuwa na ukurasa mzima, wengi wetu tungeeleza, na tungewachosha.

Hakika_Tupu

Nimefuatilia uzi huu kwa raha, ila mnaipa maana fiche sifa isiyo yake. Katuni nyingi za magazetini ni mchezo wa maneno tu. Mfano:

Daktari: "Ukipanda ngazi unasikiaje?"
Mgonjwa: "Nasikia vizuri tu daktari, masikio hayana shida."

Hapo maana fiche iko wapi? Neno moja lina maana mbili, mgonjwa kaenda na ile nyingine. Basi.

Na huyo Schulz mliyemtaja, katuni ya kwanza kabisa ya Peanuts ni mtoto amekaa na mwenzake, anamwona Charlie Brown, mhusika mkuu, anakuja, anamsifia, Charlie Brown anapita, anaendelea kumsifia, na alipokwisha kupita mtoto anatamka waziwazi kwamba anamchukia. Imesemwa mchana kweupe fremu ya mwisho! Hakuna cha kudokeza hapo.

Darubini

Hakika_Tupu, la daktari umesema kweli, na Grice anakupa chombo cha kulithibitisha. Dokezo la mazungumzo halitengani na wazo lililosemwa: badili maneno, mradi wazo ni lile, dokezo linabaki (isipokuwa yale yanayotokana na namna ya kusema). Mwalimu akisema "Kengele ya mapumziko haijawahi kumkosa," mtoto bado hasomi. Daktari akisema "Ukipanda ngazi hali yako inakuwaje?" utani umezikwa. Kwa hiyo Msomi_Mchovu, pitia data zako zote kwa kipimo hicho. Zile zinazokufa kwa kubadilishiwa neno ni mchezo wa maneno, zitenge kwenye kundi lao. Nina hofu kwamba umezichanganya, wengi huzichanganya kwa sababu kwenye jedwali zote zinaonekana "zimekiuka kaida ya uwazi".

La Peanuts namwachia kalamu_butu.

kalamu_butu

La Peanuts linataka utulivu. Ni kweli fremu ya mwisho inasema kila kitu. Lakini jiulize inafanya nini kwa zile tatu zilizotangulia. Ulizisoma kama sifa. Ukifika ya nne unarudi nyuma bila kuambiwa, unazisoma upya, na safari hii zile sifa zimekuwa meno yaliyoumana. Dokezo lipo, ila limewekwa kinyumenyume: umepewa ufunguo mwisho, mlango ulishaupita. Na bado kuna lisilosemwa: kwa nini alimsifia, na kwa nini alingoja apite. Hilo wewe umelijaza mwenyewe, nina hakika hata hukugundua kwamba umelijaza.

Nikupeni nyingine, ya kutunga sasa hivi, ambayo ndiyo aina niliyokuwa naipenda kuliko zote:

Fremu ya 1. Hakimu: "Unadaiwa kuvunja nyumba ya mlalamikaji saa nane usiku."
Fremu ya 2. Mshtakiwa, kifua mbele: "Mheshimiwa, huo ni uongo mtupu!"
Fremu ya 3. Mshtakiwa: "Saa nane nilikuwa bado nyumba ya pili."
Fremu ya 4. Wakili wake amejifunika uso kwa jalada la kesi.

Mshtakiwa hadokezi chochote. Anasema kweli, jibu linahusiana kabisa na saa aliyoulizwa, tena liko wazi. Sumu iko kwenye yale aliyoyachukulia kuwa yanajulikana tayari. "Nyumba ya pili" inadai kulikuwa na ya kwanza. "Bado" inadai kulikuwa na ya kuendelea nayo. Msomaji kwa maneno saba ameuona usiku mzima: jamaa ana ratiba, anakwenda mlango kwa mlango, na ya mlalamikaji ilikuwa kwenye orodha, tena amekasirika kwa sababu wamemkosea saa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililochapishwa. Jaribu kuyaandika kwenye viputo uone kama yatatosha hata fremu kumi.

Kwa hiyo kwenye jedwali, tofautisha anayedokeza kwa kukusudia (mwalimu) na anayevujisha bila kujua (mshtakiwa). Wa kwanza tunacheka pamoja naye. Wa pili tunamcheka.

Darubini

Nina pingamizi dogo. Mshtakiwa kakiuka kaida ya kiasi: kasema zaidi ya kilichohitajika. Angesema "sikuwepo" yangekwisha.

kalamu_butu

Kilichohitajika kwa nani? Mahakamani "sikuwepo" haitoshi, utaulizwa ulikuwa wapi. Yeye katoa mahali alipokuwa, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Kwa mahesabu yake kiasi ni sawasawa. Kwa mahesabu ya wakili wake kimezidi. Kwa mahesabu yangu mimi mwandishi ni kiasi kilekile nilichokitaka. Ndiyo maana nang'ang'ania kwamba kaida ipimwe kwa kila mazungumzo peke yake. Ukiandika tu "kaida ya kiasi imekiukwa" bila kusema kwa macho ya nani, hujasema kitu.

Darubini

Hiyo nimeikubali. Iandike hivyohivyo, Msomi_Mchovu: ukiukaji kwa macho ya nani.

Wakili_wa_Kijiweni

Nichomeke kidogo. Mmesahau kwamba kudokeza ni kinga pia. Kuna mzaha mkongwe umezunguka nchi nyingi: mtu anasimama anasema "Nusu ya madiwani ni wezi!" Anaamriwa afute kauli. Anasimama tena: "Nafuta kauli. Nusu ya madiwani si wezi." Wameridhika, na hakuna kilichofutwa. Ukisema nusu hawamo, msikilizaji anaibakiza ile nusu nyingine palepale. Mchora katuni anapata uhuru huo kila siku: akiulizwa, "Mimi sijasema."

Ila wachoraji msijidanganye. Kwenye mifumo ya sheria iliyotokana na ile ya Uingereza, kashfa ya kudokeza inatambulika. Mahakama inaweza kuangalia msomaji wa kawaida angeelewa nini, si maneno matupu yaliyochapwa.

kalamu_butu

Mwanasheria wa gazeti letu alikuwa anajua hilo kuliko mhariri. Alikuwa hasomi kiputo, anauliza moja kwa moja: "Ukimaliza kusoma, unajikuta umefikiria nani?" Swali zuri kuliko mengi ya kwenye vitabu vya isimu, kwa kweli. Na mzaha wa madiwani una jambo moja la kitaalamu ndani yake: kwa kawaida "nusu si wezi" ungeweza kuifuta kwa kuongeza "tena hata hiyo nyingine si wezi". Grice anasema dokezo la mazungumzo linafutika bila kujipinga. Mzungumzaji huyu ana nafasi ya kulifuta, kila mtu anaiona nafasi hiyo, naye haitumii. Anakaa chini. Kule kukaa chini ndiko kunakochekesha.

Msomi_Mchovu

Jamani, asanteni sana, naona kama nimewashiwa taa. Kaka kalamu_butu, nimepitisha katuni zangu kwenye lile jaribio la kuandika dokezo ndani ya kiputo. Zile za mchezo wa maneno zimejitenga zenyewe kama alivyosema Darubini, ni nyingi kuliko nilivyodhani. Lakini kuna moja inanisumbua:

Fremu ya 1. Mfanyakazi mpya, amebeba boksi la vitu vyake, anawauliza wenyeji wawili: "Bosi akikasirika huwa anafanyaje?"
Fremu ya 2. Wenyeji wanatazamana. Hakuna maneno.
Fremu ya 3. Wote wawili wanageuza shingo kutazama dawati tupu. Hakuna maneno.
Fremu ya 4. Mgeni anatua boksi lake juu ya dawati hilohilo: "Bahati nzuri mimi nimepangiwa hapa, karibu na dirisha!"

Hapa jibu halijasemwa kabisa. Kaida ya nani, ya nini? Na je, huu bado ni ucheshi wa maneno, au niutupe kwa sababu kazi yote imefanywa na picha? Tasnifu yangu ina neno "maneno" kwenye kichwa cha habari, msimamizi atanishika hapo.

Hakika_Tupu

Itupe. Hiyo ni picha.

kalamu_butu

Usiitupe! Hiyo ndiyo bora kuliko zote ulizoweka.

Fanya kwa mkono, usibishane kichwani. Ziba picha kwa karatasi, acha maneno tu. Umebaki na swali kuhusu bosi na mtu anayefurahia dirisha. Haichekeshi. Sasa ziba maneno, acha picha: watu wametazama dawati, mtu kaweka boksi. Haichekeshi pia, haieleweki hata ni nini kinaendelea. Wala maneno peke yake wala picha peke yake havibebi mzigo.

Ili upate dokezo unahitaji vitu vya kuanzia, na kwenye katuni vimetawanywa makusudi. Kimoja kipo kwenye maneno: mtu kauliza bosi akikasirika anafanyaje. Kimoja kipo kwenye picha: jibu ni dawati tupu. Cha tatu kipo kichwani mwa msomaji, aliingia nacho: watu hufukuzwa kazi, na dawati tupu lilikuwa na mwenyewe. Ukiviunganisha unapata hitimisho, na hitimisho halijachapishwa popote, si kwenye kiputo, si kwenye wino wa mchoraji. Limetokea kwako. Watu wanasema katuni inachekesha kwa sababu inashangaza. Mimi naona inachekesha kwa sababu mshangao umeutengeneza wewe kwa mikono yako, halafu ukamwona mtu aliyesimama palepale, aliyeona dawati lilelile, hakuutengeneza.

Kuhusu kaida: wenyeji wameulizwa swali wakakaa kimya, lakini kimya chao kina macho. Ukimya wa kutazama upande ni jibu, tena jibu linalohusiana kabisa. Wamekiuka kiasi kwa macho ya mgeni (hakupata kitu) na wametosheleza kwa macho yako (umepata kila kitu). Unaona tena? Kaida moja, mazungumzo mawili, matokeo mawili.

Na ni ucheshi wa maneno kwa sababu pigo limebebwa na "bahati nzuri". Jaribu kumwandikia "Nitakaa hapa." Picha ni ileile, dawati ni lilelile, kicheko kimepungua zaidi ya nusu. "Bahati nzuri" ni neno la mtu asiyejua lolote, na wewe umeshajua. Na "karibu na dirisha" mwandishi hakuiongeza kwa ajili ya pambo. Inampa mgeni sababu yake mwenyewe ya kulipenda dawati, sababu ndogo, ya kweli, isiyohusiana na balaa linalomngoja. Ningekuwa na kofia ningemvulia aliyeandika.

Kuhusu ile fremu ya 2, ya kutazamana tu: mhariri mvivu angeikata, angesema haina kitu. Ikatwe, uone wenyeji wanavyoonekana wamejibu haraka kama watu wasio na huruma. Ule mpigo mmoja wa kutazamana unasema "tumwambie au tusimwambie?" na ndio unaokupa wewe muda wa kutangulia. Msomaji akitangulia kidogo mbele ya mhusika, kazi imekwisha. Akitangulia sana anachoka kungoja. Akichelewa, anahitaji kuelezwa, na katuni ya kuelezwa ni sawa na hamna.

Darubini

Naungana na kalamu_butu. Kwa upande wa nadharia, hapo Grice peke yake atakubana. Waangalie Sperber na Wilson (1986): kwao msikilizaji huunganisha kilichosemwa na muktadha ili kupata matokeo yanayostahili juhudi alizotumia, na picha kwa mtazamo huo ni sehemu ya muktadha tu. Itakuruhusu kuingiza macho, boksi na dawati bila kulazimisha kila kitu kiwe kaida.

Swali la kimbinu sasa: utathibitishaje kwamba wasomaji wanafikia hitimisho lilelile unalolifikia wewe? Msimamizi wako atalileta hilo baada ya hili.

Msomi_Mchovu

Nilikuwa nafikiria dodoso: "Je, katuni hii inachekesha? Ndiyo / Hapana / Sijui."

kalamu_butu

Hapana, mdogo wangu. Hiyo itakupa idadi ya ndiyo na hutajua walichekea nini.

Wape katuni nzima, kisha waombe wamalizie sentensi moja: "Mgeni hajui kwamba..." Kwa ile ya mahakamani: "Mshtakiwa bila kujua amesema kwamba..." Kwa ya mwalimu: "Mama anadhani..., kumbe..." Usiwaulize kama wamecheka, wengi watakudanganya kwa adabu. Anayemalizia sentensi sawasawa amelijenga dokezo. Baada ya hapo ndipo umuulize kama imemchekesha. Utapata waliolijenga na hawakucheka, na hao ni wa maana sana kwa sura yako, kwa sababu ndio wanaothibitisha kwamba kuelewa na kucheka si kitu kimoja.

Hakika_Tupu

Na waliocheka bila kulijenga?

kalamu_butu

Wapo, wanacheka sura ya mchoro. Mwenzangu mchoraji alikuwa anawapenda hao kuliko mimi. Waweke kwenye safu yao.

Msomi_Mchovu

Nimelichora jedwali upya: aliyesema nini, alichokusudia, mhusika mwenzake alichopokea, kinachoonekana kwenye picha, msomaji anachokuja nacho, na kaida kwa macho ya nani. Ile ya mama na mwalimu sasa imejaza ukurasa mzima peke yake. Namtumia msimamizi kesho asubuhi, nitarudi na majibu.